Mfalme Aliyenyimwa Kilio

Juma lile lile mfalme alipozikwa, maji ya mtungini nyumbani kwa Hogla yalianza kunuka manemane. Akayamwaga, akausugua mtungi kwa mchanga, akateka mengine kisimani. Yakanuka vilevile. Manemane ni harufu ya maiti, na nyumba ile haikuwa na maiti. Ilikuwa na mtoto mchanga, na mtoto mchanga hunuka maziwa.

"Labda ni wewe, Mama," alisema Naara, mkwewe, huku amempakata mtoto. "Unavyoshinda misibani, umeshakolea."

"Nikikolea mimi nitanuka dengu. Misibani siendi kulia tu, mwanangu, naenda na kula."

Naara alicheka. Hogla hakucheka. Mizaha ilikuwa imemjaa mdomoni, lakini tangu mwanawe Elasa auawe, kicheko na machozi vyote vilikufa ganzi humo ndani. Mfalme alimwua kwa kuwa Elasa alisema langoni kwamba watu wana njaa. Hogla, kiongozi wa waombolezaji wa Yerusalemu, aliyeliza ukoo wa kila mtu, alimzika mwanawe kwa macho makavu. Majirani wakanong'ona kwamba yule halii bila ujira. Naara alikuwa mjamzito wakati huo. Mtoto huyu ndiye aliyebaki na jina la Elasa.

Kisha mfalme naye akafa, matumbo yameoza, na mjini hapakuwa na mtu aliyesikitika. Watu wakakataa kumwashia moto wa manukato, wakakataa alazwe makaburini pamoja na baba zake. Lakini jumba la kifalme liliamuru kilio, na Hogla akawaita wenzake kando.

"Leo tunalia kwa midomo tu," aliwaambia. "Nani kati yenu ana machozi ya kumpa yule?"

"Mimi ninayo ya kitunguu," alisema Maaka, mkubwa wa mwili na wa maneno.

Basi wakararua nguo penye mshono, ili jioni zishonwe upesi, wakajimwagia majivu, wakapanua midomo bila kutoa sauti. Wapiga filimbi walikuwa wameambiwa na Hogla wapulize kwa nguvu zote, ukimya usijulikane. Ile "Ole, bwana!" anayostahili kila mfalme haikutoka kwa mwanamke hata mmoja. Wazee wa jumba hawakugundua. Maiti aligundua.

Tangu mazishi yale mtoto akaacha kulia. Mwanzoni walishukuru, wakasema ni mtulivu kama babu yake. Kisha wakaona kwamba anapanua mdomo, uso unamwiva, machozi yanamtiririka, na sauti haitoki. Njaa yake haikusikika, wala kupaliwa kwake. Akaanza kukonda mikononi mwao.

Adhuhuri moja, mji wote umejilaza kwa joto, waliisikia sauti. Mtu mzima anagugumia, kama aliyeshika tumbo.

"Mama," Naara alinong'ona, "nani yumo humu?"

"Shh."

Hogla akainamia mtungi, mtungi ukawa kimya, akapanda darini, hakuna kitu ila kitani kilichoanikwa, akachungulia tanuri, na sauti ikawa inamfuata kila pembe, nzito, yenye unyevu, na ile manemane ikikaza hata ikamkaba koo, mpaka alipogeuka na kumwona Naara amesimama wima, amemwinua mtoto mbali na kifua chake kama mtu aliyeshika kaa la moto, kwa kuwa mdomo mdogo ule usio na jino ulikuwa wazi, na ndani yake mzee alikuwa anasema, polepole, "Ole... ole...", kisha ananyamaza kidogo, kama anayengoja kuitikiwa.

Walimkimbilia Hamutali, mwanamke anayesema na wafu, aliyejificha mapangoni huko bondeni. Alimnusa mtoto, akaweka sikio tumboni, akaguna.

"Ajabu kweli. Mfalme huyuhuyu alinifukuza mjini, leo ananiletea kazi."

"Anataka nini?" Hogla aliuliza.

"Kilio chake. Maiti asiyeliliwa hapokelewi na baba zake, shoga. Amekwama mlangoni. Wewe ndiye uliyeifunga midomo ya waombolezaji, kwa hiyo ameshika mdomo wa damu yako. Nenda kaburini, ukamlilie."

"Nimlilie yule?"

"Kwa moyo. Midomo mlishampa."

Kaburi lilikuwa peke yake mteremkoni. Hogla akasimama mbele ya jiwe. "Ole, bwana," alisema, kama anayeuza tini zilizolala. Mtoto alikuwa ameanza kuwa wa buluu.

"Mama, mlilie!" Naara alipaza sauti. "Mwanao ameshakufa! Huyu bado!"

Hogla akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali, baridi aliyoijua, kwa maana alikuwa akiibeba chini ya mbavu tangu amfukie Elasa bila neno. Hakumhurumia mfalme. Alifungua mdomo tu, na kikatoka: "Ole, bwana wangu! Ole!" Kilio kirefu, kibaya, kisicho na ufundi wowote, na machozi nyuma yake.

Mtoto akalia. Sauti yake mwenyewe, kali, yenye njaa na hasira. Naara akaanguka magotini, anacheka, analia, anambusu mtoto miguu.

Hogla akanyamaza, ageuke amtazame mjukuu wake.

Kilio cha mtoto kikakatika katikati. Mdomo ulibaki wazi. Nyuma ya jiwe mtu akagugumia, kisha akatulia, akingoja.

"Mama," alisema Naara, taratibu.

Hogla alimtazama mtoto, akalitazama jiwe. Hakukasirika. Kasirani nayo inataka mtu wa kuibeba.

"Kaa kivulini, mwanangu," alisema. "Mnyonyeshe."

Kisha akaketi chini mavumbini, akajiweka vizuri kama mtu asiyetazamia kuondoka, akaanza tena: "Ole, bwana wangu." Na mtoto akalia.