Aliyeigusa Kompyuta ya Ummi

Kila asubuhi Ummi alilifungua duka lake la tarizi pale Mjambere kwa utaratibu uleule: alifagia, alifukiza ubani, alitia uzi kwenye mashine ya kutarizi, kisha alisema bismillahi na kufungua programu ya michoro kwenye kompyuta. Jumamosi hiyo aliishia kwenye bismillahi. Programu ilitoa kisanduku chekundu, ikajifunga. Alijaribu mara saba. Ikajifunga mara saba.

Ilipofika saa tatu alikuwa ameshamwita Jalila, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, msichana mpole aliyezungumza kama anayeomba radhi. Pembeni alikaa babake Ummi, Mzee Mwinyihaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Aliitazama saa yake ya mkono, mshale mfupi ukiwa kwenye tatu, kana kwamba ana safari.

Jalila alikagua kwa dakika ishirini. "Programu imesasishwa," akasema. "Toleo jipya haliijui mashine hii, ni ya zamani. Kompyuta iliuliza, mtu akakubali. Imeandikwa Ijumaa, 04:12. Yaani jana, saa kumi alfajiri na dakika zake."

"Oduor!" Ummi akaita.

Oduor alikuwa mshonaji wake kwa miaka sita. Aliishi na mkewe, Josephine, kwenye chumba cha uani.

"Alfajiri huwa kuna nani humu, kama si wewe mwenye ufunguo? Nimekwambia mara ngapi, ikiuliza usikubali?"

"Dada, saa kumi mimi nilikuwa nimelala. Uliza Josephine."

"Atanambia nini mkeo? Kwamba jini ndiye aliyebonyeza?"

"Labda lilitaka kofia," Oduor akasema. Hakuna aliyecheka.

"Nipe ufunguo. Ikiadhiniwa adhuhuri nisikukute hapa."

Oduor alitoa ufunguo, akaushika kwanza, kama mtu anayeupima uzito. Jalila alitamani kujificha ndani ya mkoba wake. Hakupenda makelele, lakini hakupenda zaidi kumwona mtu mzima akidhalilishwa namna ile. Akatazama mezani. Palikuwa na kofia kumi na mbili, maua yake ya buluu yamekamilika.

"Da Ummi, hizi zilitariziwa lini?"

"Jana. Saa mbili mpaka saa tatu, kabla sijaenda Kongowea kununua uzi. Niliporudi tulifunga kwa sala ya Ijumaa, hatukufungua tena."

"Kwa programu hii hii?"

"Nyingine ninayo?"

"Basi jana saa tatu ilikuwa nzima. Itakuwaje iwe ilikufa alfajiri?"

Jalila akaangalia pembe ya skrini: 03:25. Macho yake yalipita, maana ndiyo saa yenyewe, saa tatu na dakika ishirini na tano, vile ambavyo angemjibu yeyote aliyemuuliza. Kisha akatoa simu yake. 09:25.

Alijionea haya. Kompyuta ilikuwa ikihesabu saa kwa Kiswahili tangu jana, naye na Ummi, Waswahili wazima, hawakuona kasoro.

"Kuna mtu aliirudisha saa nyuma kwa saa sita, ndipo akabonyeza. Hii 04:12 si alfajiri. Ni saa nne asubuhi. Jana saa nne nani alikuwa dukani?"

"Mimi nilikuwa feri," Oduor akasema haraka, "napeleka sare Likoni."

"Na mimi Kongowea," Ummi akasema. "Dukani nilimwacha..." Akageuka kumtazama babake.

Mzee Mwinyihaji aliifunika saa yake kwa kiganja.

"Saa ya kompyuta ilikuwa imekosea," akasema. "Saa nne, yenyewe yaonyesha kumi! Nimekuona ukiirekebisha kila umeme ukikatika, nikairekebisha. Kisha ikaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikadhani yashukuru. Nikabonyeza."

"Baba! Na ukanyamaza, Oduor afukuzwe?"

"Niliona haya." Mzee aliinuka, akamshika Oduor mikono yote miwili. "Niwie radhi, mwanangu. Nimekudhulumu."

"Yameisha, mzee. Kumbe jini letu lina mvi."

Safari hii Ummi alicheka, huku machozi yakimlenga. Aliurudisha ufunguo mfukoni mwa Oduor kwa mkono wake mwenyewe. "Nisamehe nami. Nilikuwa na mdomo kabla ya akili."

Jalila alirudisha toleo la zamani. Michoro yote ilikuwepo. Sindano ikaanza kuruka juu ya kitambaa, naye Mzee akasogea kuitazama, uso karibu uguse uzi.

"Lakini baba," Ummi akauliza taratibu, "ulikuwa ukitafuta nini humo kwenye kompyuta? Si uliniambia waja hapa kukimbia joto la nyumbani?"

"Joto," Mzee akasema, "nimelizoea." Aliitazama mikono yake. Kwa miaka arobaini ilishona kofia kwa sindano, mpaka macho yakagoma. "Nilitaka kuielewa usipokuwepo, usije ukanicheka."

"Kwa nini?"

Mashine ilimaliza ua moja, ikatulia.

"Nimechoka kuketi pembeni, Ummi. Nataka kufanya kazi nawe. Nifunze."