Mabati ya Mhubiri Amolo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chepngetich alipeleka maziwa barabarani, mahali lori lilipochukua mitungi. Lori likichelewa watu walipiga domo, naye alitega masikio yote mawili. Nani kanunua redio, nani kagombana na mkewe, hakuna kilichompita.

Kwa kuwa alijua kuongea, Mwalimu Weldon alimchagua awatembeze wanafunzi wageni kutoka Siongiroi katika mahali pa kale pa ibada.

"Lakini kwanza nenda kwa Mama Jerusa, mwenye ufunguo wa kanisa la zamani," mwalimu alimwagiza. "Akueleze historia. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Hakwenda. Ya nini, na kule kwenye maziwa ameshasikia yote?

Jumamosi ziara ilianza vizuri, Mwalimu Weldon akifuata nyuma. Juu ya kilima aliwaonyesha kapkoros, mahali Wakipsigis wa zamani walipokusanyika kumwomba Mungu. Kisha wakateremka kupitia mashamba ya chai hadi kanisani. Mama Jerusa alikuwa amefungua mlango, ameketi benchi la nyuma. Wageni wakaingia, wakaketi.

"Na ile nyumba hapo nje, mbona haina paa?" aliuliza Jonah, mmoja wa wageni, akichungulia dirishani.

"Ah, hiyo!" Chepngetich akacheka. "Ilikuwa ya mhubiri Amolo, mtu wa kutoka ziwani. Aling'oa mabati, akauza, akanywea pombe pesa yote!"

Wageni wakaangua kicheko, huku wakiandika.

Mama Jerusa akasimama polepole. "Mwanangu, nani alikuambia hayo?"

"Watu, mama. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Na Amolo alikuwa baba yangu."

Kicheko kilikatika.

"Tazameni juu," mama akasema. "Mnaona matundu yaliyozibwa kwa lami? Ni ya misumari ya kwanza. Haya mabati yalikuwa ya nyumba yetu. Waumini walikuwa wananyeshewa, baba akaezua kwetu, akaezeka hapa. Sisi tukahamia jikoni, chini ya nyasi zinazovuja."

Masikio ya Chepngetich yaliwaka moto. Alitamani Mwalimu Weldon amgombeze, yaishe.

"Nisamehe, mama," alinong'ona.

"Mimi nimesikia. Na hawa? Watarudi kwao na baba yangu mlevi kwenye madaftari?"

Chepngetich akawageukia wageni. "Nilitumwa kuuliza, sikuuliza. Nimewaambia uongo. Tafadhali futeni."

"Kumbe tumetembezwa na porojo!" msichana mmoja alimcheka.

Chepngetich alipita benchi baada ya benchi, akitazama jina la Amolo likisafishwa, daftari moja moja, machozi yakimtoka.

Mama Jerusa akamsogezea nafasi, akamwambia aketi. "Umeona aibu, na umestahili," alisema. "Lakini umerekebisha mbele ya walewale waliokusikia, na hilo wakubwa wengi hawaliwezi. Usimseme mtu kwa jambo ambalo hukuuliza. Baba yangu hayuko hapa kujitetea."