Kibati Namba Arobaini

Jumamosi ya mapumziko marefu, foleni ya kibanda cha njia za mlimani ilikuwa imepinda hadi stendi ya mabasi. Watoto walikuwa wanalia, na baba zao walikuwa wanajifanya wanajua kusoma mawingu. Katikati ya vurugu hiyo, dada mmoja mwenye koti la njano na buti mpya kabisa akapita pembeni mpaka dirishani.

"Samahani mama, mimi niko kazini."

"Hata mimi niko kazini, mwanangu," alisema mwanamke wa dirishani bila kuinua macho. "Rudi mkiani."

Nyuma yake mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Mji mzima ulimwita Polepole, kwa sababu hiyo ndiyo amri pekee aliyowapa wageni aliowaongoza mlimani. Mwanamke wa dirishani alikuwa shangazi yake.

"Shangazi, mpe tu. Huyu ndiye mchora ramani aliyetumwa kutoka jijini. Si barua yake ilifika?"

Shangazi akamtazama dada juu mpaka chini, akaishia kwenye buti. "Kuchora atachora. Kutembea ndiyo sijui." Akachomoa kwenye ubao wa misumari kipande cha bati chenye namba arobaini. "Kanuni ni moja. Ukipanda unakibeba, ukishuka unakirudisha msumarini. Mwenye kibati hajashuka, na mimi sifungi kibanda mtu akiwa bado juu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Niite shangazi. Hapa hata walionizidi umri wananiita hivyo."

Polepole ndiye aliyemwongoza. Kabla ya kona ya pili, dada alikuwa anachechemea.

"Buti zinauma?" aliuliza Polepole.

"Haziumi."

"Bi Ramani, hata uongo unachoka. Kaa hapo." Akapiga goti, akamfungua kamba, akambandika plasta kwenye kisigino kwa utulivu wa mtu aliyeona visigino vingi. Kisigino hiki, hata hivyo, alikikumbuka mpaka jioni.

Kazi ilikuwa ya wiki tatu. Walipita njia ya mgongo wa mlima, ambako upepo ulimnyang'anya dada karatasi mbili. Walizunguka ziwa kwa baiskeli za kukodi. Walikaa kwenye ukingo wa machimbo ya zamani ya mawe na kuutazama mji mdogo chini yao, na mapaa yake yakahesabika. Dada alipima kila hatua kwa kifaa chake, akaandika, akafuta, akaandika tena. Polepole alizoea kunyamaza kando yake, na hilo lilimshangaza mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kuongea. Jioni dada aliporudi kwenye chumba alichopanga juu ya duka la mikate, simu iliita kabla hajavua koti.

"Umefika?"

"Si umeniacha mlangoni sasa hivi?"

"Ngazi nazo ni mlima."

"Hebu niache nivue buti, wewe!"

Shangazi aliwatazama kupitia kidirisha chake. "Mapenzi kikohozi," alimwambia mpwa wake siku moja, "na wewe umekohoa wiki nzima."

Asubuhi ya siku ya mwisho, Polepole alimpeleka mahali pasipo na njia. Walipita vichakani, wakavuka njia panda tano zilizotengenezwa na mbuzi, wakatokea kwenye maporomoko membamba yanayoanguka katika kidimbwi cha kijani. Nyuma ya maji, kwenye jabali lenye unyevu, mbayuwayu walikuwa wamejenga.

"Baba yangu alinileta hapa nikiwa na miaka saba," alisema. "Naye alikuwa mwongozaji. Aliniambia, mlima wote wape watu, lakini papa hapa waachie ndege. Wakiona watu wengi, wanayakimbia mayai. Tangu afe sijamleta mtu."

"Kwa nini umenileta mimi?"

"Sijui kulisema vizuri. Usipaandike tu kwenye ramani yako."

"Sipaandiki. Nakuahidi."

Dada alitaka kubaki achore ndege kwa ajili yake mwenyewe. Lakini saa tatu Polepole alikuwa na wanafunzi wa kupokea, kwa hiyo aliposhuka alimpangia mawe katika kila njia panda: matatu, moja juu ya jingine, jeupe juu. Waongozaji wa pale wana ada: anayepanga mawe ndiye anayeyavunja, siku hiyo hiyo. Dada aliyafuata mawe akashuka salama, akakuta basi la saa sita linanguruma, wakaagana mlangoni mwa basi kwa maneno yaliyokatwa na honi. Siku ile mmoja alisahau kibati mfukoni mwa koti, na mwingine alisahau mawe.

Miezi miwili simu haikupoa. Kisha ramani zikachapishwa, maboksi yakaletwa kibandani, wageni wakaongezeka. Asubuhi moja Polepole akapanda kidimbwini peke yake, kwa upande wa machimbo. Akakuta watu kumi na wawili wanaoga, redio inapiga, mifuko ya plastiki imetundikwa matawini, na karibu wote wana ramani mpya mikononi. Alizunguka nyuma ya maji. Hapakuwa na ndege hata mmoja, na mayai yalikuwa ya baridi.

Akapiga simu papo hapo.

"Mpenzi!" dada alidaka. "Nilikuwa nataka kukupigia, nina habari—"

"Ninazo mimi. Umeniuza."

"Nini?"

"Kidimbwi kimejaa watu, na ramani yako wameishika."

"Ramani umeifungua?"

"Ya nini? Mlima wangu nisomewe na karatasi?"

"Ifungue kwanza, halafu unipigie."

"Mama wa ahadi! Nilikuonyesha siri ya baba yangu, ukaenda kuichapisha!"

Dada akakata simu. Mbele yake, mezani, palikuwa na barua ya halmashauri ya mji ule mdogo: wanamtaka awe msimamizi wa njia za mlima, atume kwa simu picha ya barua yenye sahihi yake kabla ya ofisi kufungwa saa kumi siku ya mwisho ya mwezi. Alikuwa amekwisha kushika kalamu. Akaiweka barua chini ya vitabu, akalia kwa hasira, kisha akalia bila hasira, na hiyo ya pili ndiyo iliyomuumiza.

Polepole alinuna siku nane. Siku ya tisa shangazi akachoka, akamkunjulia ramani kaunta nzima.

"Nionyeshe kidimbwi."

Akatafuta. Njia zote zilikuwepo, ziwa lipo, machimbo yapo. Pale pa kidimbwi palichorwa vichaka na neno moja tu: *genge*.

"Kakuandikia genge, watu waogope kuanguka," alisema shangazi. "Nyani haoni kundule. Hao wageni walifikaje, kama si kwa kuonyeshwa?"

Polepole alipanda mlima bila kuwaambia watu polepole, wala nafsi yake. Njia panda ya kwanza: mawe matatu, jeupe juu. Ya pili vivyo hivyo. Mpaka ya tano. Ulikuwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwingine aliyepanga hivyo tangu baba yake afariki. Alikaa chini akaona aibu kwa mwili mzima. Kisha akayavunja yote, jiwe kwa jiwe, akashuka kupiga simu. Haikupokelewa siku ile, wala iliyofuata.

Siku ya mwisho ya mwezi alipanda basi la alfajiri. Saa saba mchana alikuwa katikati ya jiji, amezungukwa na majengo yanayofanana, hajui kaskazini iko wapi. Akaandika ujumbe: *Mawe yalikuwa yangu. Nimekuja kukuambia, lakini nimepotea.*

Simu ikaita.

"Uko wapi?" Sauti ilikuwa kavu.

"Sijui. Kuna duka la viatu, na benki."

"Kila kona ina duka la viatu na benki. Unaona saa kubwa ukutani?"

"Naiona."

"Iweke kushoto kwako, tembea. Usivuke mpaka nikuambie." Dada akamsikia anavyohema. "Unakimbilia wapi? Polepole."

Polepole akacheka, nusura alie. Alimkuta kwenye ngazi za ofisi yake, amevaa lile koti la njano.

"Nilipanga mawe ushuke nayo, nikasahau kuyavunja," alisema. "Ndege wamekwenda kwa uzembe wangu. Kibandani nimewaambia wote. Wewe hukufanya kosa lolote."

"Hukuniuliza," alisema dada. "Hilo ndilo lililoniuma. Hukuniuliza hata mara moja, ulinihukumu kwa simu."

"Sikukuuliza. Sina utetezi."

Dada akamweleza habari ya barua. Polepole akatazama ile saa kubwa: saa tisa kasorobo.

"Usije kwa ajili yangu," alisema taratibu. "Njoo kama mlima unautaka. Mimi nitakupisha njiani mpaka utakapotaka kunisalimia."

"Mlima nautaka tangu zamani. Wewe ndiye ninayekufikiria bado. Ndege wamerudi?"

"Bado. Pengine msimu ujao. Pengine wasirudi."

Dada aliingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, akatoa kwanza kipande cha bati.

"Shangazi bado anafunga kibanda?"

"Anafunga kila siku kwa manung'uniko. Msumarini mwako hajatundika kitu. Anasema kwa hesabu yake kuna mtu bado yuko juu."

Dada alikigeuza kibati kiganjani, akaiona namba arobaini iliyoanza kufifia. Kisha akaitoa barua mkobani, akaikunjua kwenye goti lake.

"Anasema kweli," alisema, akitia sahihi. "Sijashuka."