Ukuta Uliobana Pumzi

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu Obonyo, fundi wa mawe, na ole wako ucheke. Mwaka 1974 aliitwa Nakasero kukarabati nyumba kuukuu ya mawe iliyochukuliwa na wanajeshi. Kapteni wao akampeleka chumba cha chini ya ardhi, kwenye ukuta ulioegemea kilima.

"Askari wanasema hii ukuta inapumua. Ziba yote na simenti."

Obonyo akacheka. Kwa mafundi, kila ukuta wa mawe hupumua: chokaa hupitisha unyevu. "Afande, simenti itaua hii nyumba. Mimi naweka chokaa tu. Hutaki, tafuta fundi mwingine."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Chokaa."

Kapteni akatoka akitukana. Obonyo akainama gizani, akaanza kujaza chokaa kati ya mawe. Hewa ya vuguvugu ikampuliza vidoleni, ikarudi ndani, ikatoka tena. Nyuma ya mawe yale hakuna chumba, ni udongo mtupu. Akaendelea na chokaa; simenti hakuigusa.

Buti zikasikika ngazini. Kapteni akarudi, akabandika sikio ukutani. Kimya.

"Hakuna kitu," akasema, akaenda zake.

Buti zilipopotea, ukuta ukashusha pumzi, taratibu, kama mtu aliyekuwa amejificha.