Kamba ya Makopo

Mwaka 1993, mpunga wa kijiji cha Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji, ulipoanza kuzaa, Sihaba na bintiye Semeni walihamia shambani kuamia ndege wasiule. Walikaa juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu. Kamba yenye makopo matupu ilitoka dunguni hadi katikati ya mpunga. Ndege wakitua, Semeni huivuta. Makopo hulia, ndege huruka.

Mchana mmoja upepo ulitulia. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Makopo yakalia.

Sihaba akageuka. Semeni alikuwa akivuta kamba, macho kwenye mikoko.

"Unamfukuza nani, mwanangu?"

"Wale wanaoniita. Wanasema uji wako una sumu."

Siku tatu Semeni hakula.

"Pepo hilo," alisema baba yake, Mshamu, alipokuja kuwatazama. "Tumwache hukuhuku dunguni, lisitufuate nyumbani."

"Thubutu!" alifoka Sihaba. "Sikuzaa chakula cha nguruwe pori mie!"

Sihaba alimpeleka zahanati kwa mtumbwi. Mshamu alifuata akinung'unika: "Nesi wa bara atajua nini mapepo ya Rufiji?"

"Shikamoo, baba," alisema nesi Wilhelmina. Kisha akamgeukia Semeni. "Sauti unazisikia kweli. Sikuiti mwongo."

Semeni aliinua macho.

"Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Moja ni dopamini. Huuambia ubongo: hili ni muhimu, sikiliza! Kwenye ugonjwa wa skizofrenia, sehemu fulani za ubongo huizidisha. Ni kama mkono unaovuta kamba hata ndege hawapo. Jani likianguka, unaona linakusema. Wazo lako mwenyewe unalisikia kama sauti ya mtu."

"Nani kamroga?" aliuliza Mshamu.

"Hakuna. Wengine huzaliwa wakiwa wepesi kuupata. Mengine wataalamu bado wanachunguza."

"Dawa itakata kamba?" Semeni alinong'ona.

"Haikati. Inautuliza mkono. Daktari wa hospitali ya Utete atakupima na kukupa dawa. Ikikutetemesha au usingizi ukizidi, rudi tukusaidie. Usiache dawa mwenyewe. Nanyi, msimwache peke yake."

Wiki tano baadaye, Semeni alikula uji dunguni. Sauti bado zilikuja, ila kwa mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto. Mshamu alikuwa kando yake.

Ghafla makopo yakalia. Hakuna aliyeishika kamba. Semeni akaganda.

"Mama, na wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Baba?"

"Hata mie. Tazama pale."

Ndege mnene alikuwa akibembea juu ya kopo.

"Kumbe huyu wa kweli," alisema Semeni, akacheka, akaivuta kamba.