Mke wa Kupunguzia Bei

Robota la mapazia lilipofunguliwa sokoni, fundi cherehani alidaka pazia la kijani upande mmoja, na kinyozi mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akalidaka upande wa pili. Hakuna aliyeachia. Fundi alitaka kushona magauni ya watoto. Kinyozi alitaka kuziba dirisha la kibanda chake. Muuzaji alipotaja bei, wote wawili walikunja uso, na kinyozi akanong'ona, "Jifanye mke wangu. Wewe kataa, mimi nibembeleze."

Fundi alikataa kwa moyo wote, maana kukataa hakujawahi kumshinda. Alisema pazia limepauka, nyumbani hakuna hata sukari, na huyu ni mume gani. Alipogeuka kuondoka, muuzaji akashusha bei hadi nusu. Walilikata pazia katikati kwa mkasi wa fundi, wakacheka mpaka wakapeana namba za simu.

Tangu hapo, kila Jumamosi walikuwa mume na mke, kwenye sufuria, kwenye viatu, kote. Kila mchana kinyozi alimpigia simu kumuuliza kama amekula, akimwita "mgumu wangu." Fundi alimpenda, ila hakumwamini. Kazi ilimfundisha kugeuza kila nguo ya mtumba ndani nje kabla ya kulipa. Mwanamume mpole, msafi, hana mke, na amepatikana bure sokoni: lazima kuna mahali pametoboka. Alimchunguza miezi minne asipaone, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Jumamosi moja kinyozi alisema ana wateja wengi, hatakuja. Fundi akaenda peke yake. Kwenye vitanda vilivyotumika akamwona, amesimama na mwanamke wa gauni la njano, akimwambia muuzaji, "Mke wangu hakitaki." Sauti ile ile. Fundi aliumia sana, ila alijisemea kwamba alijua tu. Akarudi nyumbani bila kununua hata kifungo.

Simu iliita mara sita. Ya saba akapokea.

"Mgumu wangu, mbona kimya?"

"Muulize mkeo wa gauni la njano."

Kinyozi akasema anakuja.

Alimkuta kwenye cherehani. Akaeleza kwamba yule ni mama chai wa jirani na kibanda chake, mwenye mume na watoto watano, ambaye yeye alimwazima kwa saa moja ili bei ishuke. Alitaka kitanda kifike chumbani kwanza, ndipo amwombe fundi waoane. Fundi hakuinua macho. Maneno matamu angeweza kuyasema yeyote.

"Mlipunguziwa kiasi gani?"

"Hatukupunguziwa. Nilimwita mke wangu mara moja tu, nikaona haya. Nikalipa alichotaja."

Mguu wa fundi uliacha kukanyaga. "Bei yote?"

"Bei yote."

Huyu aliyezunguka mtaa mzima kutafuta sabuni ya bei nafuu? Fundi hakusadiki. Akavua kidole chake cha chuma cha kushonea, akasema, "Nipeleke nikakione."

Chumbani alikipindua kitanda, akagonga kila ubao, akapapasa kila kona. Chini kabisa akakuta ufa uliozibwa kwa nta. Akashusha pumzi, karibu acheke. Tobo alilolitafuta miezi minne lilikuwa kwenye kitanda.

Walikibeba wenyewe hadi sokoni. Muuzaji aliwatazama mmoja mmoja, akamuuliza kinyozi huyu naye ni nani, maana asubuhi alikuja na mke mwingine.

"Tena mlianza vizuri kunikatalia," akaongeza, "mara ukainamisha kichwa, ukalipa bei yote. Nimeuza miaka mingi, sijawahi kuona mtu kama wewe."

Fundi alisikia moyo wake ukitulia.

"Yule alikuwa wa kupunguzia bei," akamwambia muuzaji. "Mimi ndiye nitakayelala hapa. Badilisha ubao huu, na uturudishie kidogo."

Muuzaji alipokwenda kutafuta misumari, kinyozi alimuuliza kwa sauti ya chini kama bado anajifanya mke.

"Sijifanyi," fundi akasema, akamshika mkono. "Ila ukifika kwa mama yangu na kutajiwa mahari, usithubutu kubembeleza."