Sakafu Iliyoziba Anga

Mbao zilikuwa zikitembea. Zilijitoa kwenye rundo pale uani, zikajongea kwa vigurudumu vyake vidogo mpaka kwenye jakuzi, beseni kubwa la maji ya moto, zikalizunguka na kushikana zenyewe kwa zenyewe bila msumari hata mmoja. Jiji la Mbeya lilikuwa bado limefunikwa na ukungu wa Julai. Mama Lusekelo alisimama mlangoni amejitanda blanketi, mkono mdomoni.

"Jamani! Na fundi yuko wapi?"

"Mafundi ndio hizo mbao, mama," Tusekile alimjibu akicheka.

Tusekile Mwambene alikuwa mhandisi wa sakafu sikivu, kitu ambacho miaka hiyo kila mwenye uwezo alikitaka nyumbani kwake. Ndani ya kila ubao mlikuwa na vihisio vilivyosikia hatua, pumzi na mapigo ya moyo ya mtu, hata akiwa majini. Habari hizo zilipelekwa kwenye ubongo wa sakafu, kidude kisichozidi kiberiti, nao ndio ulioamua la kufanya. Ukitetemeka kwa baridi, mbao zilisimama upande wa upepo zikawa ukuta. Ukichoka, zilijikunja zikawa kiti cha kuegemea.

Mwenye nyumba, Baba Lusekelo, alikuwa amerudi duniani baada ya miaka mingi ya kuunga vyuma kwenye kituo cha obiti. Kule juu mwili hauna uzito. Alipotua, misuli ilikuwa imelegea kiasi kwamba kutoka kitandani hadi sebuleni kulimtoa jasho. Daktari aliagiza akae kwenye maji ya moto kila siku, kwa sababu maji humbeba mtu na kuizoesha misuli kazi polepole. La sivyo, alionya, miguu ile haitasimama tena. Maji yenyewe hayakuwa tatizo. Mtaa mzima ulipata maji ya moto kwa bomba kutoka chini ya milima. Tatizo lilikuwa kumtoa nje. Jakuzi lilikaa uani tangu Pasaka, naye hakuwahi kulichovya hata kidole.

"Nikimuuliza ananyamaza," Mama Lusekelo alinong'ona. "Wewe nipangie mahali patakapomvuta, mwanangu. Akishatoka tu, nitashukuru."

Tusekile alipapanga kwa moyo wake wote. Aliweka viti upande wa kuelekea milimani, meza ya chai mahali ambapo mkono wa aliye majini ungeifikia, na vyungu vya maua vya kuficha bomba. Kisha akaufundisha ubongo wa sakafu sheria moja kubwa kuliko zote: mwenye nyumba asiogope. Kinachomtisha kiondolewe, kinachomtuliza kiongezwe.

Ikafanya kazi. Wiki ile ile Baba Lusekelo alitoka, akishikilia mkono wa mkewe. Sakafu ilisikia moyo wake ukienda mbio, ikainua ukuta mfupi. Siku iliyofuata ikaongeza kivuli juu ya kichwa chake, ikapasha maji moto kidogo zaidi, naye akaingia. Mama Lusekelo alimpigia Tusekile simu akilia kwa furaha.

Mwezi haujaisha, akapiga tena. Safari hii sauti ilikuwa nyingine.

"Hebu njoo uone. Sidhani kama ndivyo ulivyokusudia."

Tusekile alifika kabla ya adhuhuri, akakuta sanduku la mbao pale palipokuwa na jakuzi. Vyungu vilikuwa vimesukumwa majanini, maua yamelala. Viti na meza havikuwepo tena. Vyote vilikuwa vimegeuzwa ukuta. Lilibaki tundu moja tu kwa juu, na mbao zilikuwa zikilisogelea.

"Yumo ndani?"

"Yumo."

Tundu likazibwa. Ndani ukasikika mshindo wa maji, kisha kelele: "Fungua! Nimesema fungua!"

Sakafu haikufungua. Ilikuwa imefundishwa isitii amri ya mtu aliye katika taharuki, asije akajiumiza, na sheria hiyo Tusekile aliipitisha mwenyewe. Alikiangalia kioo cha mkononi, kile kilichomwonyesha yote ambayo sakafu ilisikia. Moyo wa yule mtu ulikuwa ukikimbia, na sakafu, ikitafuta kumtuliza, ilikuwa ikibana mbao na kupandisha joto la maji. Joto lilimwongezea hofu. Hofu ikaifanya sakafu ibane zaidi. Mvuke ulitoka kwenye nyufa kama chungu kinachofurika.

Alijaribu kuuzima ubongo; ulikuwa ndani, chini ya miguu ya Baba Lusekelo. Mama Lusekelo alichukua jembe akapiga ukuta mpaka mpini ukavunjika. Zimamoto walipopigiwa simu walijibu kwamba wako njiani, lakini njia yenyewe ilikuwa ndefu.

Tusekile akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Baba Lusekelo, mimi Tusekile. Usiseme na sakafu. Sema na mimi."

"Ninakufa humu, binti!"

"Inakusikia unavyoogopa, ndiyo maana imekufungia. Niambie, huku nje unaogopa nini?"

Maji yalibubujika ndani.

"Anga," alisema hatimaye. "Nikiinua macho, sioni cha kushika."

"Ilianzia wapi?"

"Tulikuwa wawili nje ya kituo. Mimi na Obedi. Kamba yake ikakatika." Alikohoa. "Haendi kasi mtu kule, binti. Anaelea tu, anakwenda. Alikuwa akiniita kwenye redio kwa jina langu, na mimi nimeshika chuma, sikuachia. Nilimsikiliza mpaka sauti ikapotea."

Mama Lusekelo alilitupa lile jembe, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao.

"Mume wangu. Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mama Lusekelo?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa hivi."

Ndipo Baba Lusekelo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima aliyechoka kujizuia, na mkewe akalia naye nje. Tusekile alikodolea macho kile kioo. Kwanza mapigo yalipanda. Kisha yakaanza kushuka, taratibu, mpaka yakawa ya mtu aliyetulia. Ubao mmoja ukalegea. Wa pili ukafuata.

"Fungua," Baba Lusekelo alisema kwa sauti ndogo, na sakafu ikafunguka yote mara moja, mvuke ukapanda.

Walimvuta wakamlaza majanini, mwili mwekundu, anahema. Mkewe alimmwagia maji baridi huku akimsema na kumbusu kipaji cha uso kwa zamu. Alilala chali chini ya anga tupu kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkumbusha hofu yake.

Siku hiyo hiyo Tusekile aling'oa ubongo wa sakafu.

"Niliifundisha ikukinge," alimwambia, akishindwa kumtazama usoni. "Wewe mwenyewe sikukuuliza. Unataka nini?"

Baba Lusekelo alifikiri. "Kitu cha kushika," alisema. "Na mama huyu akae karibu."

Wakaanza upya, kwa msumari na nyundo. Waliweka kishikio cha mti laini kuzunguka jakuzi, paa la nusu tu, na benchi lililogusana na ukingo wa maji ili mkono wa aliyeketi umfikie aliye ndani. Siku nyingine Baba Lusekelo alikaa majini kwa dakika chache tu, akarudi chumbani. Siku nyingine alisahau kutoka. Miguu ikaanza kumtii.

Mvua ya kwanza ya Novemba iliwakuta alasiri kando ya jakuzi, wakinywa chai, Baba Lusekelo akiwa majini. Ilishuka bila kutoa taarifa. Tusekile alinyakua vikombe, Mama Lusekelo akanyakua birika, wakakimbilia chini ya paa wakipiga kelele. Walipogeuka, Baba Lusekelo alikuwa bado katikati ya jakuzi, uso ameuelekeza juu.

"Baba Lusekelo, toka huko, unalowa!"

"Niko kwenye maji, mke wangu," alijibu bila kufumba macho. "Nitalowaje tena?"

Mama Lusekelo akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aweke birika chini.